Barua ya wazi: Masharti ya mkopo wetu yaletwe bungeni yakiwa muswada kamili

Kwa Mheshimiwa Spika wa Bunge la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania,
Kwa Waziri mwenye dhamana ya elimu ya juu, Waziri wa Fedha na Mwanasheria Mkuu wa Serikali,
Kwa wajumbe wa kamati ya Bunge inayosimamia elimu.

YAH: OMBI LA MUSWADA KAMILI WA SHERIA YA UGHARAMIAJI WA ELIMU YA JUU

Waheshimiwa,

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Mimi ni mwalimu wa sekondari wilayani Makete, mkoani Njombe. Nafundisha Historia na Uraia. Pia ni mnufaika wa mkopo wa elimu ya juu. Ndilo jina letu rasmi, mnufaika, neno tamu kidogo kwa mtu ambaye kila mwisho wa mwezi hukatwa kabla hajashika hela. Sina ugomvi na kulipa. Nilikopeshwa, nikasoma, nalipa. Kilichonifanya nishike kalamu ni namna masharti ya deni hilo yanavyotungwa na kubadilishwa, kwa sababu mimi ndiye niliyeajiriwa kuwafundisha watoto wa watu kwamba nchi hii sheria hutungwa kwa utaratibu.

Utaratibu wenyewe nauchora ubaoni kwa mishale. Wizara huandaa mapendekezo, yanapita Baraza la Mawaziri, waandishi wa sheria wa Serikali wanayageuza kuwa muswada. Muswada unatangazwa kwenye Gazeti la Serikali, na zinapita siku zisizopungua 21 ndipo usomwe bungeni mara ya kwanza. Kusomwa huko ni kwa jina tu: Katibu anasimama, anataja jina la muswada, anakaa. Kisha unapelekwa kwenye kamati, na kamati inaita wadau watoe maoni. Mara ya pili ndipo waziri anautolea hoja, kamati inasoma maoni yake, wabunge wanachangia. Halafu Bunge linakaa kama Kamati ya Bunge Zima, Spika anageuka Mwenyekiti, na vifungu vinapitiwa kimoja baada ya kingine. Mwenye jedwali la marekebisho anasimama kulitetea. Wanaoafiki waseme ndiyo, wasioafiki waseme siyo. Unasomwa mara ya tatu, unakwenda kwa Rais, anatia saini.

Wanafunzi wangu hupenda zaidi sehemu ya Rais kukataa. Ibara ya 97 ya Katiba inamruhusu kuurudisha muswada pamoja na maelezo ya sababu. Ukirudi, hauwezi kupelekwa tena kwake kabla ya miezi sita, isipokuwa uwe umeungwa mkono na theluthi mbili ya wabunge wote. Na ukipelekwa kwa nguvu hiyo, Rais ana siku 21 za kuukubali au kulivunja Bunge. Darasa zima huchangamka hapo. Kuna mmoja aliwahi kusema ni kama penati.

Nawafundisha na njia ya mkato. Ipo hati ya dharura, ambayo Rais akiitia saini, zile siku 21 zinarukwa. Ndiyo iliyotumika mwaka 2017 kwa miswada ya maliasili na madini, na nchi nzima iliona jinsi Bunge linavyoweza kukimbia likitaka. Siipingi hati hiyo. Kuna mambo ya moto.

Deni langu halikuwa na moto wowote. Nieleze.

Sheria ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ni Sheria Namba 9 ya mwaka 2004, na Bodi ilianza kazi mwaka 2005. Kabla ya hapo, tangu 1994, mikopo ilikuwa inatolewa na wizara. Nilipoingia chuo mwaka 2010 nilijaza fomu, nikasaini, nikaanza kusubiri bumu, yaani fedha za kujikimu chuoni, kama wenzangu. Kiwango tulichokuwa tukisikia kwa kaka na dada waliotutangulia kazini kilikuwa asilimia 8 ya mshahara wa msingi. Mtu wa kijijini akisikia asilimia 8 anaiweka kichwani kama bei ya kiroba cha mbolea; anapanga maisha yake juu yake.

Novemba 2016 Bunge likapitisha marekebisho. Kiwango kikapanda hadi asilimia 15. Hakikuja kwa muswada wa elimu ya juu. Kilikuja ndani ya Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali, lile kapu linalobeba sheria nyingi zisizojuana, hii inaongezwa neno, ile inafutwa kifungu. Kapu hilo lina kazi yake halali. Makosa ya uchapaji, majina ya taasisi yaliyobadilika, vifungu vinavyogongana: hayo yote hayastahili muswada wake. Lakini kupandisha karibu mara mbili makato ya kila mtu aliyewahi kukopa, pamoja na waliosaini miaka kumi nyuma, si kurekebisha neno. Mdau anayeitwa kutoa maoni juu ya kapu anapewa dakika zake kwa kapu zima. Na mbunge anaposema ndiyo, anasema ndiyo kwa kila kilichomo.

Juu ya hayo kuna suala la lugha. Miaka hiyo wabunge walijadili kwa Kiswahili, lakini sheria yenyewe ilibaki kwa Kiingereza. Mwaka 2021 Bunge lilibadilisha jambo hilo na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria, na kwa hilo nawapa pongezi bila kinyongo, ingawa mimi mwenyewe bado nafundisha mishale ile kwa Kiingereza, kwa watoto wanaoota kwa Kikinga na kutaniana kwa Kiswahili.

Niliajiriwa serikalini mwaka 2015 kwa daraja la mwalimu mwenye shahada, mshahara wa msingi shilingi 716,000. Asilimia 8 yake ni 57,280. Mwanzoni mwa 2017 nilipokea slipu ya mshahara, nikaona 107,400. Nakumbuka nilidhani mhasibu wa halmashauri amekosea. Tulikuwa watano kwenye chumba cha walimu, kila mmoja ameinamia karatasi yake, na aliyeongea wa kwanza alikuwa mwalimu wa Hesabu: "Jamani, ni kumi na tano." Shilingi 50,120 zaidi kila mwezi. Kwangu ilikuwa kodi ya chumba na bado chenji ya mkaa inabaki.

Mwenzangu mmoja aliumia zaidi. Alikuwa na mkopo wa benki wa kujengea, na mtumishi wa umma anatakiwa abaki na angalau theluthi moja ya mshahara baada ya makato. Hesabu ya benki ilikuwa imepigwa juu ya asilimia 8. Ilipokuja 15, ile theluthi ikaguswa. Nyumba ilisimama kwenye lenta. Hadi leo kuna nyasi zinaota juu ya ukuta. Huyu hakukosea hesabu. Alipiga hesabu kwa sheria iliyokuwepo.

Sasa nikiri jambo ambalo wanufaika wengi hawapendi kusikia. Kwa upande mmoja ile asilimia 15 ilinisaidia. Wakati huo kulikuwa na tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya mkopo. Deni langu lilikuwa kama shilingi milioni 8. Asilimia 6 ya hiyo ni 480,000 kwa mwaka, yaani 40,000 kwa mwezi. Kwa makato ya zamani ya 57,280, kilichokuwa kinapunguza deni lenyewe ni shilingi 17,280 tu. Kinachobaki kilikuwa kinalisha tozo. Kwa makato mapya, deni lilianza kushuka kwa kasi ya kuonekana. Kwa hiyo mtu angeweza kusimama mbele ya kamati akatetea asilimia 15 kwa hoja nzuri kabisa. Au angeuliza swali la maana zaidi: kwa nini tupandishe makato badala ya kuigusa tozo? Mjadala huo ndio ambao muswada kamili ungeuzaa. Sisi wenye deni tuliusikia miaka minne baadaye, tena uwanjani.

Mei Mosi 2021, uwanja wa CCM Kirumba, Mwanza. Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuifuta ile tozo ya asilimia 6. Nilikuwa nyumbani, redio iko dirishani, na mtaa mzima ulijua nani ni mwalimu kwa jinsi alivyopiga kelele. Wizara nayo ikaiondoa adhabu ya asilimia 10 waliyokuwa wakitozwa waliochelewa kurejesha. Utekelezaji ulianza Julai 1 mwaka huohuo. Nilishukuru, na bado nashukuru. Ila jioni ile, nikiwa nasahihisha madaftari, nilijiuliza nitaichoraje ubaoni. Mzigo ulipandishwa kwa kapu na ukashushwa kwa hotuba. Mshale wangu wa wadau, wa kamati, wa kifungu kwa kifungu, uko wapi hapo?

Mtu ataniambia: nenda kwa mbunge wako. Nilikwenda, na alinisikiliza vizuri. Tatizo ni Ibara ya 99. Katiba inasema Bunge halitashughulikia muswada wa kupandisha kodi, wa kutoa fedha Mfuko Mkuu wa Hazina, au wa kusamehe deni linalodaiwa na Jamhuri ya Muungano, mpaka Rais apendekeze na waziri alete pendekezo hilo bungeni. Mbunge wangu anaweza kuleta muswada binafsi kuhusu mambo mengi, lakini ukigusa mfuko wa Serikali kwa namna hiyo, mlango uko kwenu. Ndiyo sababu barua hii ina majina ya vyeo vinne hapo juu, na sikuiandikia jimbo peke yake.

Najua mtanielekeza pia kwenye bajeti, kwamba mikopo hujadiliwa kila mwaka. Ni kweli, fedha zinajadiliwa, na zimepanda: bilioni 464 mwaka 2020/21, bilioni 787 mwaka 2024/25. Posho ya chakula na malazi ilitoka 8,500 kwa siku hadi 10,000 kuanzia 2022/23. Hizo si hela ndogo, na baadhi yake ni marejesho yetu sisi, jambo ambalo hunipa faraja ninapoona jina la mwanafunzi wangu wa zamani kwenye orodha ya waliopata. Lakini angalieni jinsi bajeti inavyosomwa. Mikopo iko ndani ya Fungu 46, fungu la Wizara ya Elimu, na imeandikwa upande wa maendeleo pamoja na madarasa na maabara. Mbunge anayetaka maelezo anashika shilingi kwenye mshahara wa waziri, yaani anauzuia mpaka apate maelezo, waziri anajibu, mbunge anarudisha shilingi, tunasonga mbele. Mwishoni bajeti kuu inapigiwa kura kwa kuitwa majina, na Bunge likiikataa, Ibara ya 90 inampa Rais uwezo wa kulivunja. Nani atahatarisha kiti chake kwa ajili ya asilimia ya makato? Bajeti huamua kiasi cha kukopesha mwaka huu. Haiamui kama aliyekopa mwaka jana anaweza kubadilishiwa masharti mwakani.

Jirani zetu Kenya wameonja upande wa pili. Mei 2023 Serikali yao ilitangaza mfumo mpya wa kugharamia vyuo vikuu, wanafunzi wakapangwa kwenye makundi kulingana na uhitaji wa familia. Tarehe 20 Desemba 2024 Mahakama Kuu jijini Nairobi ikaubatilisha, moja ya sababu ikiwa wananchi kutoshirikishwa ipasavyo. Serikali ikakata rufaa. Katikati ya hayo kulikuwa na watoto waliokwisha kuingia vyuoni kwa mfumo huo, hawajui ada yao halisi ni ipi. Sitaki tufike huko, na sidhani kama mnataka.

Ninachoomba basi ni muswada unaosimama kwa miguu yake, wenye jina lake, uliotungwa kwa Kiswahili, uchapishwe na ukae nje siku zake 21 bila hati ya dharura. Kamati isikae Dodoma peke yake kusubiri wadau. Kutoka Makete hadi hapo ni siku nzima ya basi na nauli ya wiki mbili za chakula. Wakae siku moja Mbeya, siku moja Mwanza, siku moja palipo na vyuo, wasikilize na waajiri wadogo ambao ndio wanaotakiwa kukata na kupeleka makato.

Hao waajiri nina neno nao. Kabla ya kuingia serikalini nilifundisha shule moja binafsi ambayo sitaitaja. Kila mwezi walinikata. Nilipokuja kuomba taarifa ya deni, nikakuta miezi kumi na moja haikufika popote. Sheria inamtaka mwajiri apeleke makato ndani ya siku 15 baada ya mwezi kuisha, na yangu ilikwenda kwingine. Niliyebebeshwa usumbufu ni mimi: barua, nakala za slipu, nauli ya kwenda mjini mara tatu. Muswada useme wazi kwamba slipu inayoonyesha makato ni ushahidi tosha kwamba mkopaji amelipa, na kinachobaki ni kati ya mdai na mwajiri.

Kifungu ninachokililia kuliko vyote ni kifupi. Kiseme kwamba mabadiliko yoyote ya kiwango cha makato, tozo au adhabu yanayomwongezea mkopaji mzigo yatamhusu atakayesaini baada ya sheria kuanza kutumika, na hayatamgusa aliyesaini kabla. Basi. Ikiwa mnataka asilimia 20 kwa watakaoingia mwakani, leteni hoja, tutajadiliana, na kijana wa kidato cha sita ataamua kusaini huku anaijua bei. Pia ule uamuzi mzuri wa Kirumba uandikwe ndani ya sheria mama kwa maneno ambayo mwalimu anaweza kuyasoma bila wakili: hakuna tozo ya kulinda thamani, hakuna adhabu ya asilimia 10. Viongozi hupita. Sitaki mtoto wangu aje asikie tozo imerudi kwenye redio ileile.

Kuna ya kanuni pia, lakini hiyo ni fupi. Sheria ikishasainiwa, waziri hutunga kanuni, na huko ndiko mambo mengi ya fedha hukaa, mbali na macho. Viwango visiachiwe kanuni. Viingie kwenye jedwali la sheria, ili kubadilisha tarakimu moja kuhitaji kurudi bungeni.

Mwezi uliopita nilikaa na binti mmoja wa kidato cha sita kumsaidia kuandaa nyaraka za maombi. Baba yake alifariki, kwa hiyo cheti cha kifo kinapaswa kuhakikiwa RITA, wakala wa Serikali wa kusajili vizazi na vifo, na cha kuzaliwa pia. Jina la baba kwenye cheti kimoja lina herufi moja zaidi ya kingine. Tulikuwa tunahangaika na herufi hiyo, simu yangu ikiwa juu ya dirisha kutafuta mtandao, akaniuliza: "Mwalimu, nikimaliza watanikata ngapi?" Nikamwambia asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Akaandika 15 pembeni ya daftari, akaizungushia duara kwa kalamu nyekundu, kama wafanyavyo kwa jibu la mwisho la Hesabu. Nikataka kumwambia aandike kwa penseli. Sikuthubutu, nikaomba tuendelee na vyeti.

Ada ya maombi ni shilingi 30,000. Mama yake aliuza viazi magunia mawili. Fomu tuliituma usiku wa manane, mtandao ulipopungukiwa na watu.

Nawasilisha kwa heshima, waheshimiwa, na kusubiri tangazo la muswada huo kwenye Gazeti la Serikali.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,
Mwalimu, mnufaika, Makete

Nakala: Ubao wa matangazo, chumba cha walimu